Hofu ya Kusahaulika: Wahitimu wa Afya na Kazi ya Kwanza Nachingwea na Ruangwa

Madhumuni ya somo

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi na wahitimu wa fani za afya wanavyoiona kazi yao ya kwanza, na kwa nini mtazamo huo unamgusa moja kwa moja mgonjwa wa kijijini. Mwisho wa somo, mtumishi wa afya ataweza kutaja mambo yanayomvuta mhitimu kwenda pembezoni na yale yanayomsukuma kuondoka. Msimamizi ataweza kupanga mapokezi ya mtumishi mpya. Na mwananchi ataona sehemu yake katika jambo hilo.

Mambo mawili yasiyokutana

Mwezi Machi 2017, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imetoka katika mgomo wa madaktari uliodumu siku 100, ujumbe wa serikali yake ulikuja Tanzania kuomba madaktari 500. Tangazo likatolewa, na madaktari wa Kitanzania wakajitokeza kuomba nafasi hizo. Mahakama nchini Kenya ikausimamisha mpango huo, na mwezi uliofuata Rais John Magufuli akaagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda Kenya waajiriwe nyumbani. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha. Hata hivyo, ndani yake lilikuwamo swali ambalo furaha ililifunika: nchi yenye upungufu wa watumishi wa afya ilikuwaje na madaktari walio tayari kuvuka mpaka ili wapate kazi?

Swali hilo lazidi uzito linapowekwa kando ya takwimu za kusini mwa Tanzania. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vituo vya kutolea huduma katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Waligundua kwamba, kati ya wauguzi 854 waliopaswa kuwapo kwa mujibu wa ikama, walioajiriwa walikuwa 122 tu, yaani asilimia 14. Upande wa matabibu, waliohitajika walikuwa 441 na walioajiriwa 90, yaani asilimia 20. Takwimu hizo ni za miaka iliyopita, na tangu hapo vituo vimejengwa na ajira zimetangazwa zaidi ya mara moja. Lakini picha iliyochorwa na takwimu hizo haijapoteza maana yake: upande mmoja yupo mhitimu anayesubiri kazi, upande wa pili ipo zahanati inayosubiri mhitimu.

Ni rahisi kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana wito, kwamba wanapenda mjini. Kauli hiyo husikika katika vikao na katika foleni za wagonjwa. Somo hili linaonyesha kuwa kauli hiyo inaficha zaidi ya inavyoeleza. Kijana anaweza kukikubali kijiji, mvua na umbali. Jambo analoliogopa kuliko yote ni kupelekwa mahali na kusahaulika huko.

Wilaya mbili na kumbukumbu zake

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za Mkoa wa Lindi. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wayao, Wamakua na Wamakonde. Maisha yao hutegemea kilimo cha korosho, ufuta, mbaazi na mazao ya chakula. Wakati wa mvua, njia za udongo ziendazo kata za mbali, kama Kilimarondo upande wa Nachingwea au Nambilanje upande wa Ruangwa, huwa mtihani kwa pikipiki na gari la wagonjwa pia. Mgonjwa wa huko hupimia huduma kwa jambo moja: je, kwenye zahanati yupo mtu?

Watu wa eneo hili wamewaona wageni wengi wakija na kuondoka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya vituo vyake. Matrekta yaliletwa, msitu ukafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Kilichokuja kwa kishindo kiliondoka bila kuacha huduma ambayo mwanakijiji angeweza kuitegemea.

Katika eneo hilohilo ulikuwapo mfano wa namna nyingine. Daktari Leader Stirling, mmishonari kutoka Uingereza, alifika Tanganyika mwaka 1935. Alifanya kazi Lulindi, wilayani Masasi, kisha kwa miaka mingi katika hospitali ya Mnero, wilayani Nachingwea. Baadaye alikuwa mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Yapo mambo mengi ya kujifunza katika maisha yake, lakini moja linahusu somo hili. Miaka ya pembezoni haikumfungia njia ya kwenda mbele. Aliitumikia hospitali ya vijijini, na baadaye akaongoza wizara. Mhitimu wa leo anapopangiwa kituo cha mbali, anachotaka kujua ni kama jambo la namna hiyo linawezekana kwake pia.

Njia kutoka darasani hadi zahanati

Ili kuelewa hisia za wahitimu, ni lazima kuifuata njia yao hatua kwa hatua, kwa kuwa kila hatua ina wasiwasi wake.

Hatua ya kwanza ni chuo. Anayesomea udaktari wa binadamu hukaa darasani na wodini miaka mitano. Tabibu wa ngazi ya stashahada husoma miaka mitatu, na muuguzi wa ngazi hiyo vilevile. Katika kipindi hiki matarajio huwa makubwa. Familia imeuza korosho au mbuzi ili kulipa ada, au mwanafunzi amepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Kijijini tayari anaitwa daktari kabla hajamaliza mwaka wa pili.

Hatua ya pili, kwa daktari, ni utarajali. Mtarajali hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya madaktari wenye uzoefu kabla ya kupata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi na mkunga naye hupaswa kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hapa kijana huonja kazi halisi kwa mara ya kwanza. Mara nyingi huionjea katika hospitali kubwa, penye maabara, picha za eksirei, chumba cha upasuaji na mtu wa kumwuliza. Hapo hujifunza tiba, na bila kujua hujifunza pia kwamba tiba haiwezekani bila vitu hivyo.

Hatua ya tatu ni kusubiri. Hapana somo linalofundishwa chuoni kuhusu kusubiri, ilhali kwa wengi hatua hii imekuwa ndefu kuliko walivyotazamia. Katikati ya mwaka 2016 ajira mpya za serikali zilisimamishwa ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Mwezi Aprili 2017 taarifa ya uhakiki ilionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kazi hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini waliohitimu katika miaka ile walijikuta mlangoni wakati mlango umefungwa. Ajira zilipofunguliwa kwa wingi, nafasi za afya katika mamlaka za serikali za mitaa zilikuwa 7,612 mwaka 2022 na 8,070 mwaka 2023. Kwa taifa zima nafasi hizo ni nyingi, na ni chache zikilinganishwa na foleni ya waliohitimu miaka kadhaa mfululizo.

Wakati wa kusubiri, mhitimu hujitolea katika kituo cha karibu na nyumbani, au huuza katika duka la dawa, au huajiriwa na hospitali binafsi kwa mkataba mfupi, au hurudi shambani. Kila mwezi unaopita una hasara mbili. Ya kwanza ni ya ujuzi: mkono usiozalisha mama wala kushona jeraha hupoteza wepesi wake. Ya pili ni ya heshima: aliyeitwa daktari kijijini sasa huulizwa kila siku ataanza kazi lini, naye hana jibu.

Hatua ya nne ni barua ya kupangiwa kituo. Furaha yake huchanganyika na maswali ya maisha ya kila siku. Posho ya kujikimu italipwa lini? Cheki namba itatoka baada ya miezi mingapi? Nyumba ipo? Mwenzi wake ataweza kuhamia? Aliyesoma kwa mkopo anajua pia kwamba asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kurejesha mkopo huo. Kwa hiyo anapofika kituoni, mtumishi mpya huwa amebeba deni, uchovu wa kusubiri na matumaini, vyote katika sanduku moja.

Utafiti unasema nini

Mtafiti Julie Riise Kolstad wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, aliwauliza wanafunzi wapatao 300 wa mwaka wa mwisho wa utabibu nchini Tanzania kuhusu kazi ambazo wangezichagua. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Njia aliyoitumia inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni tofauti na kumwuliza mtu anapenda nini. Kila mwanafunzi alionyeshwa kazi mbili za kubuni, zinazotofautiana kwa mshahara, nyumba, vifaa, mahali kituo kilipo na nafasi ya kuendelea na masomo, kisha akatakiwa kuchagua moja. Baada ya machaguo mengi ya namna hiyo, mtafiti huweza kuona ni jambo gani mtu yuko tayari kulipoteza ili apate jingine.

Matokeo yalikuwa na mafundisho manne. La kwanza, ahadi ya kusomeshwa zaidi baada ya kutumikia kwa muda maalumu ilikuwa miongoni mwa vivutio vyenye nguvu kubwa kabisa vya kumfanya mhitimu akubali kituo cha mbali. La pili, nyongeza ya mshahara na posho ya mazingira magumu nayo ilivuta sana. La tatu, nyumba bora, miundombinu na vifaa vya kazi vilivuta pia, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko masomo na mshahara. La nne linahusu tofauti kati ya watu: wanawake hawakuvutwa na fedha kwa kiasi cha wanaume, wakajali zaidi mambo yanayowawezesha kuifanya kazi vizuri, nao waliokuwa na wazazi wanaoishi vijijini pembezoni hawakuyumbishwa sana na vivutio hivyo kwa jumla.

Utafiti mwingine, uliofanyika wilayani Mbulu na kuchapishwa mwaka 2012, uliuliza kwa nini watumishi wa afya wa vijijini hupendelea ajira ya serikali kuliko ya taasisi nyingine. Majibu yalihusu usalama wa kazi, pensheni na fursa za kwenda masomoni. Hapa pia neno masomo linarudi.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia katika kusoma matokeo ya namna hii. Kwanza, anachochagua mwanafunzi kwenye karatasi huenda kikatofautiana na atakachotenda baada ya barua kumfikia. Pili, wanafunzi wale hawakuwa wa Lindi peke yake. Hata hivyo, fundisho la jumla ni thabiti, nalo linaafikiana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani, yaliyotolewa mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2021, kuhusu kuwavuta na kuwabakiza watumishi vijijini. Shirika hilo linashauri kuchagua wanafunzi wenye asili ya vijijini, kuwapeleka wanafunzi wote kujifunza kwa vitendo huko, kuwapa watumishi njia ya kupanda ngazi na kuendelea na masomo, na kuboresha mazingira yao ya kuishi na kufanya kazi.

Hofu tatu za mtumishi mpya

Yakiunganishwa, matokeo hayo yanaonyesha hofu tatu ambazo msimamizi na mwananchi wanapaswa kuzitambua.

Hofu ya kwanza ni ya kukosea peke yake. Chukua mfano wa muuguzi mkunga aliyeripoti kwenye zahanati yenye watumishi wawili. Mwenzake yuko likizo. Saa nane usiku analetwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Anajua hatua za kufuata, kwani alizisoma na kuzitenda akiwa na mwalimu pembeni yake. Usiku huu hakuna mwalimu, mtandao wa simu unakatika, na gari la wagonjwa liko njiani kutoka mbali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtumishi huyu amepewa jembe siku ya kwanza. Asiposaidiwa, woga wa usiku mmoja waweza kuwa sababu ya kuomba uhamisho mwaka mzima baadaye.

Hofu ya pili ni ya kudumaa. Wenzake waliobaki mjini huhudhuria mafunzo, hukutana na mabingwa na husikia tangazo la ufadhili mapema. Yeye hulisikia likiwa limeshafungwa. Anaona ujuzi wake ukipungua mwaka hata mwaka, na anahesabu umri.

Hofu ya tatu ndiyo iliyobeba nyingine zote, nayo ni ya kusahaulika. Hutokana na ahadi zisizo na tarehe. Mtumishi huambiwa atathibitishwa kazini, atapandishwa daraja, ataruhusiwa kwenda kusoma, nyumba itakarabatiwa. Kila jambo lina kiarifa cha wakati ujao, na hakuna hata moja lenye mwezi. Mwenye kuahidiwa jambo moja kwa tarehe, likatimizwa, huvumilia mengine tisa. Mwenye kuahidiwa kumi bila tarehe huanza kufungasha mizigo moyoni muda mrefu kabla ya kuifungasha mikononi.

Masomo yanayovuta, masomo yanayofunga mlango

Mgonjwa anaweza kuuliza: hisia za watumishi zinanihusu nini? Jibu limo katika uchunguzi uleule wa Lindi na Mtwara. Siku watafiti walipofika vituoni, asilimia 44 ya matabibu walioajiriwa hawakuwapo. Miongoni mwa waliokosekana, asilimia 38 walikuwa kwenye semina, asilimia 25 safarini kikazi, asilimia 20 likizo, na asilimia 8 masomoni kwa muda mrefu. Aidha, karibu theluthi mbili ya vituo vilikuwa vimetembelewa na timu ya afya ya wilaya chini ya mara tatu katika miezi sita iliyotangulia.

Takwimu hizi zinapaswa kusomwa polepole. Semina na masomo, ambavyo ndivyo tumaini kubwa la mtumishi kijana, ndivyo pia vilivyokuwa sababu kubwa ya mgonjwa kumkosa. Katika hospitali ya mkoa, daktari mmoja akienda semina wenzake humfidia. Katika zahanati yenye tabibu mmoja, semina ya siku tano ni mlango uliofungwa kwa siku tano. Mama aliyetembea saa tatu na mtoto mwenye homa hajui kwamba tabibu yuko Lindi mjini akijifunza namna bora ya kutibu homa ya watoto.

Kwa hiyo, kumnyima mtumishi masomo ni kumfukuza kwa upole, na kumpa masomo bila mpango ni kumwacha mgonjwa peke yake. Njia ya katikati ipo: masomo yapangwe kwa zamu inayojulikana, mbadala wake atajwe kabla hajaondoka, na sehemu ya mafunzo ipelekwe kituoni kwake. Ziara ya usimamizi shirikishi ikifanywa vizuri ni darasa tosha. Msimamizi anayekaa saa mbili kuangalia kazi, kusahihisha na kusifu, hutoa elimu bila kufunga mlango, na papo hapo huondoa hofu ya kusahaulika.

Yanayowezekana kufanywa

Mambo mengine, kama mishahara na idadi ya ajira, huamuliwa kitaifa. Lakini yako mengi yaliyo ndani ya uwezo wa wahusika wa wilaya.

Kwa mwanafunzi na mhitimu. Ni vyema kutafuta nafasi ya kujifunza kwa vitendo katika kituo cha afya au zahanati kabla ya kuhitimu, ili kijiji kisiwe kitu cha kukisia. Wakati wa kusubiri ajira, leseni isiachwe kuisha muda, na mkono usiachwe bila kazi. Anayejitolea aombe maelezo ya maandishi ya majukumu yake na jina la msimamizi wake, ili asifanye peke yake kazi ambazo hajaruhusiwa kuzifanya. Akipangiwa kituo, aulize mapema mambo manne: nani atakuwa msimamizi wangu, nitampigia nani usiku, nyumba iko wapi, na nafasi ya kusoma hupatikana baada ya muda gani.

Kwa mganga mfawidhi. Wiki mbili za mwanzo zina thamani kubwa kuliko miezi inayofuata. Mtumishi mpya asipewe zamu ya usiku peke yake kabla hajakionyeshwa kituo, kabati la dawa za dharura, vifaa vya kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua, na utaratibu wa rufaa. Namba za simu za watu wawili wenye uzoefu ziandikwe ukutani. Akikosea, asahihishwe faraghani. Anayefokewa mbele ya wagonjwa hupoteza heshima kwao, na wagonjwa hupoteza imani kwake.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na halmashauri. Kila mtumishi mpya apewe ukurasa mmoja wenye tarehe: lini anatarajiwa kumaliza muda wa majaribio, lini atatembelewa, na zamu yake ya masomo iko mwaka gani. Palipo na tarehe isiyoweza kutimizwa, aambiwe kabla haijapita. Orodha ya zamu za masomo ibandikwe wazi, ili aliye Kilimarondo aone kwamba hakuachwa nyuma ya aliye makao makuu ya wilaya.

Kwa vyuo. Uhusiano na mhitimu usikome siku ya mahafali. Mwalimu anayepokea simu ya mwanafunzi wake wa zamani mara moja kwa mwezi anaweza kumwokoa mgonjwa ambaye hatamwona kamwe. Pia, wanafunzi wanaotoka wilaya kama hizi watiwe moyo kuomba nafasi za fani za afya tangu wakiwa sekondari, kwa kuwa anayeijua njia ya nyumbani haogopi kurudi.

Kwa mwananchi na mgonjwa. Wahenga walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika habari ya zahanati, methali hii ni kweli neno kwa neno. Kamati ya Usimamizi wa Kituo inaweza kuhakikisha kwamba nyumba ya mtumishi ina mlango unaofungwa, choo na maji kabla hajafika. Serikali ya kijiji inaweza kumtambulisha kwenye mkutano na kuhakikisha usalama wake anapoitwa usiku. Mgonjwa ana haki ya kudai huduma bora, na ana haki ya kulalamika anapoipata mbaya. Lakini malalamiko yapelekwe kwenye kamati au kwa mganga mfawidhi, yakieleza tukio lenyewe. Matusi ya mlangoni humfukuza mtumishi, na wa kuchukua nafasi yake huenda asije kwa muda mrefu.

Hitimisho

Hisia za mhitimu kuhusu kazi yake ya kwanza huonekana kama jambo lake binafsi. Lakini zikifuatwa hadi mwisho wa njia, huishia kwenye benchi la zahanati, ambapo mama na mtoto wanasubiri. Nachingwea na Ruangwa hazihitaji vijana wasiojua hofu. Zinahitaji utaratibu unaomwambia kijana mwenye hofu kwamba yupo anayejua alipo, yupo atakayepokea simu yake usiku, na ipo siku yenye tarehe ambapo zamu yake ya kwenda mbele itafika. Hayo matatu yanaweza kuanza kutekelezwa wiki hii kwa karatasi, kalamu na mtu wa kutimiza neno lake.

Maswali ya kujadiliana kituoni

1. Mtumishi wa mwisho kuripoti katika kituo chenu alipokelewa na nani, na alilala wapi usiku wa kwanza?

2. Katika miezi mitatu iliyopita, ni siku ngapi kituo kilibaki bila mtoa huduma mwenye sifa? Sababu zake zilikuwa zipi, na ipi kati yake ingeweza kupangwa mapema?

3. Je, kila mtumishi wa kituo anajua zamu yake ya masomo iko mwaka gani? Kama hajui, nani anapaswa kumwambia?

4. Kamati ya Usimamizi wa Kituo inaweza kufanya jambo gani moja, ndani ya mwezi huu, litakalomfanya mtumishi mpya aone kwamba hajasahaulika?